Kutunza Mashine Kuukuu za Karakana: Mafunzo kutoka Shinyanga na Geita

Mtu asafiriye kutoka mjini Shinyanga kupitia Kahama hadi Katoro na Geita hakosi kuona karakana ndogo kando ya barabara. Ndani yake aghalabu kuna mashine moja ya kukereza chuma, na mbele ya mlango vimelazwa vipuri vilivyoletwa kutengenezwa: shafti ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, pampu ya kuvutia maji kutoka duarani, ekseli ya trekta, au puli ya mashine ya kukoboa mpunga. Mashine hiyo ya kukereza si mpya. Yawezekana ilifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha nchi nyingine, ikauzwa, ikasafirishwa kwa meli, na sasa imeanza maisha ya pili katika nchi ya dhahabu na pamba.

Katika makala hii tutajaribu kueleza jinsi mashine ya namna hiyo inavyochakaa, jinsi ya kuupima uchakavu wake, na jinsi ya kuitunza ili iendelee kutoa kazi sahihi. Jambo tutakalosisitiza ni hili: mashine kuukuu haifi kwa sababu ya umri wake. Hufa inapopoteza unyoofu wake, na unyoofu hupotea mahali maalumu, kwa sababu zinazoweza kujulikana na kupimwa. Fundi anayefahamu sababu hizo aweza kuidumisha mashine yake kwa miongo mingi. Asiyezifahamu aweza kuiharibu kwa mwaka mmoja, tena kwa nia njema ya kuitengeneza.

Mashine zinazozaa mashine

Mashine ya kukereza, ya kutoboa, ya kuranda chuma na ya kuchonga meno ya gia zote ni za ukoo mmoja. Katika makala hii tutaziita mashine za karakana. Sifa yake kubwa ni kwamba hutumika kuunda mashine nyingine. Kwa sababu hiyo, kosa lililomo ndani yake huhamia katika kila kipuri inachokitoa. Mashine ya kukereza ikiwa imepinda, kila shafti itakayotoka humo itabeba kivuli cha upotovu huo.

Tuchukue mfano wa karasha. Pipa lake lenye mipira ya chuma huzunguka juu ya shafti iliyoshikwa na beringi mbili. Ikiwa tundu la beringi lina kipenyo cha milimita 50, shafti hukerezwa iizidi milimita 50 kwa kiasi kidogo mno, kisichofika sehemu 2 za mia za milimita. Unywele wa mtu una unene upatao sehemu 5 hadi 10 za mia za milimita. Kwa hiyo tofauti kati ya shafti inayoshika na inayolegea ni ndogo kuliko unywele. Shafti ikilegea, beringi huanza kuteleza juu yake, joto hupanda, na baada ya muda mfupi karasha husimama. Ikiwa kipuri hicho ni cha pampu, maji hujaa duarani na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hukosa kazi mpaka pampu itengenezwe. Basi usahihi wa mashine moja kuukuu mjini waweza kuwa ndio riziki ya watu wengi walio mbali nayo.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii

Yafaa kukumbuka kwamba kazi ya chuma katika eneo hili ilitangulia machimbo ya leo. Warongo, waliokaa sehemu za Geita na Biharamulo, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma kutoka katika mawe, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Kazi hiyo ilififia majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoenea.

Reli iliyopita Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilirahisisha kuleta mitambo mizito ya viwanda vya kuchambulia pamba. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Migodi mikubwa ya sasa, yaani Geita na Bulyanhulu, ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Kila hatua ya historia hiyo ilihitaji mafundi wa kukereza, kuunga na kutengeneza.

Serikali nayo ilitambua umuhimu wa mashine za karakana. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Taasisi ya TEMDO ya Arusha, inayoshughulika na usanifu wa mitambo, iliundwa mwaka 1980. Katika miaka hiyo ya 1980 kilijengwa pia kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools huko Hai kwa msaada wa Bulgaria, kwa lengo la kuunda mashine hizi hapa nchini. Hata hivyo, mashine iliyotumika ndiyo ambayo mwenye karakana ndogo huweza kuimudu.

Mahali panapolika

Mashine ya kukereza ina kitanda kirefu cha chuma cha kusubu. Juu ya kitanda kuna njia mbili au zaidi zilizonyooka. Upande wa kushoto kuna kichwa cha mbele, chenye mhimili unaozungusha kazi iliyobanwa na taya za chaki. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma, kinachoegemeza kazi ndefu. Kati ya vichwa hivyo husafiri sehemu ibebayo kisu, ambayo tutaiita gari.

Kazi nyingi za karakana ni fupi, na hufanyika karibu na chaki. Kwa hiyo gari huenda na kurudi mara maelfu juu ya sehemu ileile ya kitanda, ilhali mwisho wa kulia haukanyagwi sana. Baada ya miaka, njia za kitanda hulika karibu na chaki na kubaki zima upande wa pili, kama kizingiti cha mlango kinavyolika katikati. Ndiyo sababu fundi akiikaza gari ili isilegee karibu na chaki, hukwama anapoisukuma kuelekea kulia. Mnunuzi wa mashine iliyotumika aweza kufanya jaribio hili kwa mikono mitupu kabla ya kutoa fedha zake. Gari inayoteleza sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho ni dalili njema. Inayolegea kushoto na kukwama kulia imekwisha kulika.

Vumbi la kwatsi

Katika nchi ya dhahabu kuna adui ambaye karakana za kwingine hazimjui sana. Dhahabu ya Geita na Kahama aghalabu hupatikana pamoja na mawe ya kwatsi. Wataalamu wa madini hupanga ugumu kwa kipimo cha Mohs, ambacho talki ni 1 na almasi ni 10. Kwatsi ni 7. Chuma cha kawaida cha msumari huwa kati ya 4 na 5. Maana yake ni kwamba chembe ya kwatsi huweza kukikwaruza chuma, lakini chuma hakiwezi kuikwaruza kwatsi.

Makarasha yakisaga mawe hayo, vumbi hurushwa na upepo wa kiangazi hadi ndani ya karakana. Tena vipuri vya karasha huletwa vikiwa vimejaa vumbi hilo. Likiingia kati ya gari na kitanda, kila mwendo wa gari huwa ni kusugua kitanda kwa msasa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika eneo hili ni kuosha kila kipuri nje ya karakana kabla hakijafungwa kwenye chaki. Kanuni ya pili ni kuifunika mashine kwa turubai la pamba kila jioni. Karatasi ya plastiki haifai, kwa kuwa huzuia unyevu kutoka, na unyevu huleta kutu.

Hali kadhalika, si vyema kusafisha mashine kwa upepo wa kompresa, ingawa kazi hiyo hupendeza macho. Upepo huzisukuma chembe na chengachenga za chuma ndani ya nafasi ambazo zisingefika zenyewe. Brashi na kitambaa hutosha.

Mafuta

Kazi ya mafuta ni kuweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma, ili nyuso mbili zisigusane. Utando huo hukatika mashine ikisimama usiku kucha. Kwa hiyo mafuta hutiwa asubuhi kabla ya kazi, baada ya kufuta yale ya jana pamoja na uchafu wake.

Mafundi wengine hutia oili chafu iliyotolewa katika injini, kwa kuwa haina gharama. Oili hiyo imebeba masizi, asidi na vumbi la chuma, na kuitumia ni sawa na kutia mchanga kidogo kila siku. Wengine hupaka grisi kwenye njia za kitanda. Grisi ni nzuri ndani ya beringi iliyofungwa, lakini juu ya kitanda kilicho wazi hunasa vumbi na kulishikilia. Njia za kitanda zinahitaji mafuta mepesi kiasi, yaliyo safi.

Udongo wa mbuga na pimamaji

Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbugani. Kila mkulima wa huko anajua kwamba udongo huo hupasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi, na kuvimba unapolowa wakati wa mvua. Sakafu iliyojengwa juu yake huinuka na kushuka pamoja nao, na kitanda cha mashine kilichofungwa kwa bolti sakafuni hujipinda. Chuma cha kusubu huonekana kigumu, lakini kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita hunyumbuka.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme upana kati ya njia mbili za kitanda ni milimita 300, na kisu kiko milimita 200 juu ya kitanda. Ikiwa mahali fulani njia moja imeshuka kwa milimita 0.1 kuliko nyingine, gari huinama, na kisu husogea kando kwa:

0.1 × 200 ÷ 300 = milimita 0.067

Kwa kuwa kisu hukata upande mmoja wa kazi inayozunguka, kipenyo hubadilika kwa mara mbili ya kiasi hicho, yaani milimita 0.13 hivi. Kosa hilo ni zaidi ya mara sita ya nafasi inayoruhusiwa kwenye shafti ya beringi tuliyoitaja. Nalo halikutokana na uchakavu wowote, bali na sakafu.

Ndiyo maana yafaa kujenga karakana juu ya udongo wa kichanga wa miinuko, ule Wasukuma wauitao luseni, panapowezekana. Pasipowezekana, fundi apime kitanda kwa pimamaji la usahihi mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua na mwishoni mwa kiangazi, na kurekebisha kwa kuweka vibati vyembamba chini ya miguu ya mashine. Pimamaji la mwashi halitoshi kwa kazi hii. Linahitajika lile la mafundi mitambo, linaloonyesha tofauti ya sehemu chache za mia za milimita katika urefu wa mita moja.

Kupima kabla ya kutengeneza

Mashine ikianza kutoa kazi iliyochongoka upande mmoja, fundi asiye na subira hufungua kila bolti anayoiona. Njia ya busara ni kuuliza kwanza kosa liko wapi.

Chukua chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 40, ukibane kwenye chaki kitokeze milimita 150, bila kuegemezwa na kichwa cha nyuma. Punguza sehemu ya katikati, ukiacha mikanda miwili iliyoinuka, mmoja karibu na chaki na mmoja mwishoni. Kisha ikereze mikanda yote miwili kwa mkato mmoja mwepesi, bila kugusa kirekebishi cha kisu. Acha ipoe, ndipo uipime kwa maikromita. Vipenyo vikilingana, mhimili unakwenda sambamba na safari ya gari. Visipolingana, weka kitanda sawa kwa pimamaji na urudie jaribio. Kosa likiisha, lilikuwa la kitanda kujipinda. Likibaki, ndipo uchunguze mpangilio wa kichwa cha mbele na kulika kwa njia. Kazi ndefu iliyoegemezwa pande zote mbili ikitoka na mchongoko, ilhali jaribio la kwanza lilikuwa zuri, basi kichwa cha nyuma kimehama kando.

Msomaji atauliza: je, kitanda kilicholika daima huharibu kazi? Jibu lategemea upande ambao kisu kimesogea. Kisu kikisogea kando kwa milimita 0.1, kipenyo huongezeka kwa milimita 0.2. Lakini kisu kikishuka chini kwa milimita 0.1 kwenye kazi yenye nusu kipenyo cha milimita 25, nusu kipenyo huongezeka kwa takriban:

(0.1 × 0.1) ÷ (2 × 25) = milimita 0.0002

Kiasi hicho hakipimiki katika karakana ya kawaida. Wanafunzi wataitambua hapo kanuni ya Pythagoras ikifanya kazi. Kwa hiyo mashine iliyolika kwa kushuka tu yaweza kutoa kazi nzuri kwa miaka mingi, na haistahili kutupwa kwa kuitazama macho. Ulegevu wa parafujo ya kisu nao hauharibu kipimo iwapo fundi husogeza kisu kutoka upande mmoja kila mara.

Jambo jingine ni joto. Chuma hurefuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Shafti yenye kipenyo cha milimita 100, ikipashwa nyuzi 20 na mkato wa kisu, hunenepa kwa milimita 0.024. Ikipimwa ikiwa moto na kuonekana sawa, itakuwa nyembamba ikipoa, na beringi italegea.

Inchi na milimita

Mashine nyingi kuukuu zilizotoka Uingereza zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Parafujo yake ndefu, inayovuta gari wakati wa kukata hesi, yaweza kuwa na meno 4 kwa inchi, yaani jino moja kwa kila milimita 6.35. Je, itakataje hesi ya milimita? Inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Kwa hiyo gia yenye meno 127 huunganisha vipimo hivyo viwili bila kubakiza sehemu yoyote. Ili kukata hesi yenye hatua ya milimita 2, gia ya meno 40 huizungusha ile ya 127:

6.35 × 40 ÷ 127 = 2

Anayenunua mashine ya inchi aulize kwanza iwapo gia hiyo imo. Vivyo hivyo atazame kibao cha mota. Mota ya Marekani iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa umeme wetu wa hezi 50, kwa kasi ya tano kwa sita, na volti zake pia huenda zisilingane na zetu.

Kurudisha unyoofu

Kitanda kikilika kupita kiasi, je, chaweza kupigwa tupa au msasa? La. Tupa hufuata mkono, na chembe za msasa hujikita ndani ya chuma laini na kuendelea kukila. Njia sahihi ni kulinganisha kitanda na rula ya chuma iliyonyooka kabisa, iliyopakwa rangi nyembamba, na kukwangua kwa mkono sehemu zile tu zilizoshika rangi. Kazi hurudiwa mara nyingi, mpaka rangi ienee kwa madoa yaliyotawanyika sawasawa.

Lakini unyoofu wa kwanza ulitoka wapi, kabla ya kuwapo rula yoyote? Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth, aliyeieleza njia hiyo mwaka 1840, alitumia sahani tatu. Sahani mbili zikilinganishwa, zaweza kupatana ingawa moja ina mbinuko na nyingine ina bonde. Tuziite A na B. Ya tatu, C, ikikwanguliwa ipatane na A yenye mbinuko, nayo itakuwa na bonde. Sasa B na C zikiwekwa uso kwa uso, mabonde mawili yatakutana na kosa litafichuka. Sahani zote tatu zaweza kupatana kila moja na nyingine zikiwa bapa tu. Usahihi ulizaliwa hivyo, bila kuazimwa kutoka kwa chombo kingine.

Tahadhari

Mashine ya kukereza haina huruma. Mikono mirefu ya shati, tai, kitambaa cha shingoni na nywele ndefu visikaribie chaki inayozunguka, na ufunguo wa chaki usiachwe mahali pake hata kwa dakika moja. Vipuri vilivyotoka mahali pa kukamatia dhahabu vyaweza kuwa na zebaki. Visipashwe moto wala kuungwa kabla ya kuoshwa vyema, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni sumu. Maji ya kuoshea nayo yasimwagwe ovyo karibu na kisima.

Kwa walimu na wanafunzi

Majaribio mawili yaweza kufanyika shuleni bila mashine yoyote. La kwanza, kwaruza msumari kwa jiwe la kwatsi, kisha jaribu kulikwaruza jiwe hilo kwa msumari, na uandike yaliyotokea. La pili, chukua matofali matatu ya kuchoma, uyape majina A, B na C, na uyasugue mawili mawili kwa zamu: A na B, B na C, C na A. Yapime kwa rula kila baada ya zamu kadhaa. Kisha kundi jingine lisugue matofali mawili tu kwa muda uleule, na makundi yote mawili yalinganishe matokeo.

Mwanafunzi atakayefanya majaribio hayo ataona kwamba jometria ya darasani na udongo wa mbuga anaoukanyaga njiani vinakutana katika karakana ya jirani yake. Siku moja huenda yeye ndiye atakayeulizwa kama mashine fulani kuukuu iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, au iendelee kufanya kazi. Kabla ya kujibu, na aombe pimamaji, maikromita na kipande cha chuma cha mviringo.